Kijana Anapojidhuru: Yanayoongeza Hatari na Wajibu wa Waliomzunguka

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Mzazi anapogundua kwamba mwanawe amejidhuru kwa makusudi, swali la mwanzo linalomjia aghlabu ni la hukumu: je, mtoto huyu amekufuru? La pili ni la majirani: nani ameshajua? Swali linalohitajika zaidi, la nini kimemfikisha hapo, huja mwisho, na mara nyengine haliji kabisa. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya swali hilo la tatu. Yale mawili ya mwanzo tutayagusa pia, kwani mtu mwenye khofu hasikii jengine mpaka ajibiwe.

Nini maana ya kujidhuru

Kujidhuru ni mtu kuuumiza mwili wake kwa kukusudia, ima kwa kuujeruhi au kwa kutumia kitu chenye madhara, akiwa na nia ya kufa au asiwe nayo. Hapo penye nia ndipo watu wanapochanganyikiwa. Vijana wengi wanaojidhuru hawataki kufa. Wanapoulizwa na madaktari husema walikuwa na uchungu moyoni wasioweza kuusema, au walijihisi wamekufa ganzi ndani, au walikuwa wanajiadhibu kwa jambo wanaloliona ni kosa lao. Wanachokipata ni nafuu ya dakika chache, kisha huja aibu, na aibu hiyo huuzidisha uchungu ule ule uliowapeleka huko. Ndiyo maana tendo hurudiwa.

Isieleweke lakini kwamba asiyetaka kufa hana hatari. Kijana aliyewahi kujidhuru, hata ikiwa jeraha ni dogo, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuja kufa kwa kujiua kuliko mwenzake ambaye hajawahi. Katika yote yanayoongeza hatari, hili ni miongoni mwa yenye uzito mkubwa kabisa. Kwa hivyo zile kauli zinazosikika majumbani, kwamba "anatafuta kuonekana tu" na kwamba "angetaka kufa angekufa", ni za kuachwa. Na kama kweli anatafuta kuonekana, basi na aonekane.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na kwa wenye umri baina ya miaka 15 na 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Kujidhuru kusikofika kwenye kifo ni kwingi zaidi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba takriban asilimia 17 ya vijana wa umri wa balehe, yaani kiasi cha mmoja katika kila 6, wamewahi kujiumiza angalau mara moja bila ya nia ya kufa. Sehemu kubwa ya tafiti hizo ilifanywa katika nchi tajiri, lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba bahari imetuzunguka ikatukinga.

Jambo hili huanza zaidi baina ya miaka 12 na 15. Wasichana hujidhuru kwa wingi zaidi, na wavulana ndio wanaokufa zaidi. Umri huo una sababu yake: sehemu ya ubongo inayowaka kwa hisia hukomaa mapema, na ile ya kupima mambo na kujizuia hukamilika mtu akiwa ameshaingia miaka ya 20. Kijana wa miaka 14 huhisi kama mtu mzima na hujizuia kama mtoto.

Hukumu, kwa ufupi

Kuiua nafsi ni haramu na ni katika madhambi makubwa. Aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inakataza, na aya hiyo hiyo inamalizikia kwa kutaja rehema ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake, jambo ambalo wengi wanaoisoma mbele ya mgonjwa huliruka. Kuujeruhi mwili bila ya haja pia hakufai, kwani mwili ni amana.

Lakini dhambi kubwa si ukafiri, na huu ndio msimamo wa Ahlus-Sunna. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Jabir (RA) kisa cha mtu aliyehama kwenda Madina pamoja na Tufayl bin Amr ad-Dawsi. Mtu yule aliugua, akashindwa kuvumilia maumivu, akajidhuru mikono yake na akafa. Tufayl akamuona ndotoni yuko katika hali nzuri ila mikono ameifunika. Alipomueleza Mtume (SAW), Mtume hakumlaani. Alimuombea dua kwamba na mikono yake pia isamehewe. Imam an-Nawawi katika sharhe yake ameifanya Hadithi hii kuwa dalili kwamba aliyeiua nafsi yake hatolewi katika Uislamu wala hakatiwi kuwa ni wa motoni. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, maiti wake huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na huzikwa pamoja na Waislamu.

Ama kiasi gani akili ya mtu ilikuwa imefunikwa na maradhi alipofanya alilofanya, hilo analijua Aliyemuumba, na kalamu imeondolewa kwa aliyepotewa na akili mpaka zimrudie.

Hukumu hii inafundishwa darasani na msikitini, mapema, watu wakiwa wazima. Kuisoma kwa sauti kali ubavuni mwa kitanda cha hospitali ni kumuongezea mgonjwa jeraha.

Yanayoongeza hatari

Hakuna sababu moja. Huwa ni mzigo wa mambo kadhaa yanayokutana kwa mtoto mmoja, na tukio la mwisho, pengine ugomvi wa asubuhi kuhusu simu, huonekana ndilo lililoleta yote kumbe lilikuwa jani la juu tu.

Kwanza ni maradhi ya nafsi. Sonona, yaani huzuni nzito inayodumu wiki baada ya wiki na kumuondolea mtu hamu ya kila kitu, ndiyo inayokutikana zaidi, na pamoja nayo wasiwasi uliopindukia. Kwa watoto sonona haivai sura ya kilio siku zote. Huvaa ukali, uvivu, kuumwa na tumbo kusiko na sababu, kukimbia madrasa. Mtoto akaitwa mtundu, akapigwa, naye ni mgonjwa. Hatari huzidi ikiwa katika familia kuna mzazi au ndugu mwenye maradhi ya aina hiyo au aliyewahi kujiua, kwa kuwa sehemu hurithiwa na sehemu hutokana na kuishi katika nyumba yenye huzuni isiyotajwa.

La pili ni udhalilishaji, na hapa tuwe wawazi. Mtoto aliyeingiliwa, aliyeshikwashikwa au aliyetishwa ana hatari kubwa zaidi ya kuja kujidhuru, na hatari hiyo humfuata mpaka utu uzimani. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ulikuta kwamba kwa upande wa Zanzibar takriban asilimia 6 ya wanawake vijana na asilimia 9 ya wanaume vijana walisema walifanyiwa udhalilishaji wa kijinsia kabla ya kutimia miaka 18. Bara, wasichana ndio waliokuwa wengi. Kwetu walikuwa wavulana. Sisi humfungia binti ndani baada ya Magharibi na tukamuacha kaka yake azunguke mpaka usiku wa manane, alale popote, apande gari ya yeyote, tukidhani mwana mwanamume hana la kupotezwa. Mvulana aliyepatwa na hili hana hata lugha ya kulisema.

Na linapojulikana, muhali huingia. Mfanyaji ni ami, ni mjomba, ni jirani, ni mwalimu anayeheshimika. Wazee hukutana, maneno hufunikwa, na mtoto huendelea kumuona mtu yule kila siku na kuambiwa amuamkie. Sitara iliyohimizwa katika dini ni ya mja aliyeteleza kati yake na Mola wake. Kumsitiri anayemdhulumu mtoto ni kumsaidia katika dhulma. Kijana anayeona kwamba heshima ya ukoo imewekwa juu ya mwili wake hujifunza kuuona mwili wake kuwa hauna thamani, na baadae tunashangaa anapoufanyia anavyoufanyia. Katika hospitali zetu vimo vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako matibabu, ushauri nasaha na polisi hupatikana pahala pamoja. Huko ndiko kwa kwenda, na mapema.

Kipigo ni mlango mwengine. Sizungumzii kukemewa. Nazungumzia bakora za nyumbani zikifuatiwa na za skuli na za chuoni, siku moja, mgongo mmoja. Na pamoja na kipigo kuna maneno, ambayo tafiti za makuzi ya watoto huyaweka karibu sana na kipigo kwa madhara: "huna faida", "mama yako alikuwa hivi hivi", "bora ungekufa wewe". Mzazi huyasema kwa hasira ya dakika moja akayasahau. Mtoto huyahifadhi. Kuonewa na wenzake skuli nako kumo humu, iwe kwa rangi yake, umasikini wake, kigugumizi chake au kwa kuwa amekuja kutoka shamba. Anayeonewa ana hatari, na anayeonea wenzake pia anayo.

Kuhusu nyumba zilizogawanyika, haki inataka tutofautishe. Talaka peke yake si ugonjwa, na watoto wengi wamelelewa na mabibi zao wakakua salama kabisa. Kinachoumiza ni ugomvi usiokwisha, mtoto kufanywa mjumbe wa matusi baina ya baba na mama, na kuhamishwa kila miezi kutoka nyumba hadi nyumba mpaka hajui begi lake liko wapi. Kuna pia wazazi walio mbali kwa sababu ya riziki: baba yuko dago kwa wiki nyingi, mama amekwenda Oman kufanya kazi za ndani. Pesa zinafika, simu ya video inapigwa Ijumaa, na kila mtu hapo anacheka kwa sababu salio ni dogo na hakuna anayetaka kumhuzunisha mwenziwe. Mama aliye ughaibuni amuulize mwanawe swali moja la kweli kila wiki, na awepo mtu mzima mmoja hapa aliyekabidhiwa kwa jina kuwa ndiye msikilizaji wake.

Mitihani ina msimu wake. Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka huonekana kwenye simu kwa kila mwenye namba ya mtahiniwa, na kabla mtoto hajayaona yeye, khalati wake ameshapiga simu. Aliyefeli huona mlango wa maisha umefungwa mbele ya ukoo mzima. Wiki hiyo kijana aliyefeli asiachwe peke yake, na asilinganishwe na mtoto wa fulani.

Msichana aliyepata mimba nje ya ndoa yumo katika saa za hatari kubwa, na hivyo hivyo anayelazimishwa ndoa asiyoitaka. Hapa ningependa tutafakari Suratu Maryam, aya ya 23 na zinazofuata. Maryam (AS) alikuwa mtakasifu, na hatumlinganishi na yeyote. Tunachokitazama ni uchungu wake na namna ulivyojibiwa. Alipofikwa na utungu peke yake, akijua watu watasema nini, alitamani angekuwa amekwisha kufa na kusahauliwa. Maneno hayo yamo ndani ya Qur'ani. Na jawabu lake halikuwa karipio. Aliambiwa asihuzunike, akaoneshwa maji, akaoneshwa tende, akaambiwa ale, anywe, atulize jicho, na kwamba asilazimike kujibu watu. Familia inayotaka kujua ifanye nini katika saa ya mwanzo inaweza kuanzia hapo. Dhambi, ikiwa ipo, ina wakati wake wa kutubiwa. Na Zanzibar ina utaratibu wa msichana aliyejifungua kurudi skuli. Aelezwe hilo siku ile ile.

Simu imeleta jambo ambalo wazee wengi hawalijui: kijana hutuma picha ya faragha kwa anayemuamini, kisha hutishwa kwamba isipolipwa pesa itasambazwa. Kwa kijana wa visiwani, ambako kila mtu anamjua kila mtu, kitisho hicho ni kama kifo. Wengi wanaotishwa hivi wangeokoka lau wangeweza kumwambia mzazi mmoja bila ya kuuawa kwa maneno. Simu pia hula usingizi, na kukosa usingizi peke yake huongeza hatari.

Yapo mengine ambayo nitayapitia haraka. Dawa za kulevya, hasa unga, ambazo zimeharibu mitaa mizima ya Unguja na kuvuka hadi Pemba, hupunguza kujizuia na kuzidisha huzuni. Maradhi ya muda mrefu, kama kifafa, selimundu na kisukari, humchosha kijana na kumtenga. Msiba wa ghafla nao humo. Wapo waliopoteza mzazi na ndugu kwa usiku mmoja MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011, wakaambiwa wasubiri na hakuna aliyewauliza tena. Na kuna kuambukizana: rafiki wa karibu akijidhuru, wenzake hatari yao hupanda. Kwa hiyo habari za namna hii, na hasa picha, zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwa nia ya kuombeana dua.

Dalili

Vitabu vingi vilivyoandikwa kwengine humwambia mzazi amtazame kijana anayevaa mikono mirefu wakati wa joto. Kwetu dalili hiyo haina maana, mabinti wanajisitiri alhamdulillah, na vuli na kaskazi kwao ni mamoja. Tazama badiliko. Aliyekuwa msemaji akanyamaza. Aliyependa mpira akauacha. Anayejifungia, asiyelala au asiyeamka, anayegawa vitu vyake alivyovipenda, anayeomba radhi kama anayesafiri, anayesema kwamba nyumba ingekuwa na raha bila yake. Kauli hii ya mwisho ni ya kuchukuliwa kwa uzito kila inaposemwa, hata ikisemwa kwa kicheko. Na kuna utulivu wa ghafla baada ya huzuni ndefu, ambao wazazi huushukuru. Mara nyengine ni wa kuulizia.

Ikiwa inasemwa ni jini

Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo la kheri na hatumkatazi mtu. Tunachokitahadharisha ni kuchelewa. Familia huzunguka kwa mganga huyu na yule miezi sita, na hospitali huwa ya mwisho. Mtume (SAW) aliwaambia mabedui waliomuuliza kwamba wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Kisomo na daktari vinakwenda pamoja siku moja. Ama kumpiga kijana, kumfunga kamba, kumnyima chakula au kumfukiza moshi kwa jina la kumtoa pepo, hayo hayana asili katika ruqya na ni dhulma. Kijana aliyejidhuru kwa sababu ya kupigwa hatibiwi kwa kupigwa.

La kufanya

Ikiwa amejeruhika au kuna shaka kwamba amekunywa kitu, ni hospitali sasa hivi, hata akisema yuko salama. Madhara mengine hujitokeza baada ya saa nyingi.

Asipokuwa katika hatari ya papo hapo, kaa naye. Kijana aliyemuendea Mtume (SAW) kuomba ruhusa ya jambo baya, Masahaba walimkemea. Mtume alimwambia asogee, akamketisha karibu, akamuuliza maswali, akamuwekea mkono na kumuombea. Kisa hicho kimo katika Musnad ya Imam Ahmad, na ndani yake mna darsa nzima ya ushauri nasaha. Muulize mwanao waziwazi: umewahi kufikiria kufa? Unafikiria sasa? Watu huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti zimeonesha sivyo. Kuulizwa kwa upole humpunguzia mzigo. Akijibu, usimkatize kwa mawaidha. Usimuapishe kwa msahafu kwamba hatarudia, kwani akirudia atakuficha kwa khofu ya kiapo. Mwambie unamshukuru kwa kukwambia, na kwamba mtatafuta msaada pamoja.

Kisha ondoa vya hatari. Dawa za bibi za presha na sukari, dawa za shambani, vyenye makali, vyote vifungiwe na ufunguo ukae kwa mtu mzima. Hili watu hulidharau wakisema mwenye nia hatozuiwa. Sri Lanka, ambayo ni kisiwa kama sisi, ilipoanza kupiga marufuku sumu kali za shambani kuanzia miaka ya 1980 na 1990, vifo vya kujiua nchini humo vilishuka sana katika miongo iliyofuata. Wimbi la kutaka kujidhuru hupanda na kushuka, mara nyingi kwa muda mfupi, na kijana aliyevushwa katika saa hiyo hupata nafasi ya kusaidiwa.

Nani aambiwe? Wachache wanaohitajika: anayelala naye nyumba moja, mwalimu mmoja muaminifu, daktari. Si ukoo wote. Huko ni kumhifadhi. Kumficha daktari lakini ni jambo jengine, na wahenga walishasema mficha maradhi kilio humuumbua.

Unguja, hospitali ya Kidongo Chekundu ndiyo ya maradhi ya akili, na Mnazi Mmoja hupokea dharura. Pemba, anzia hospitali iliyo karibu, ya Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee Mkoani. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, Tanzania na pia Kenya, kwa ndugu zetu wa Lamu. Najua jina la Kidongo Chekundu linavyotumika mitaani kama tusi. Tulitie mwisho tusi hilo, kwani linawazuia watu kutibiwa.

Na wewe kijana unayesoma haya kwa siri

Uchungu ulionao si dalili kwamba Mwenyezi Mungu amekuchukia. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakapotewa na nuru, naye ni Mtume. Mwambie mtu mzima mmoja leo; akikukatisha tamaa, mwambie wa pili. Ukishindwa kuanza, mpe makala hii asome. Na sala usiiache kwa kujiona mchafu. Ikiwa una jeraha lililofungwa katika kiungo cha udhu, utaosha palipo pazima, utapitisha maji juu ya bandeji na utatayamamu, kama walivyoeleza wanavyuoni wa Kishafi, na sala yako ni sala. Ukijiwa na hamu ya kufa, Mtume (SAW) ametufundisha tusitamani mauti kwa dhara lililotupata, na asiyeweza kujizuia amuombe Mwenyezi Mungu amuweke hai maadamu uhai ni kheri kwake. Alijua kwamba watu watafika pahala hapo, akawawekea la kusema.

Baada ya kutoka hospitali

Wiki za mwanzo baada ya tukio, au baada ya kuruhusiwa hospitali, ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya kurudia, na ndizo ambazo familia hupumua ikarudi kazini. Mpange zamu. Asilale peke yake. Tarehe ya kurudi kwa daktari iandikwe mlangoni. Akipewa dawa za sonona zijulikane kwamba huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kwamba kwa walio chini ya miaka 25 mawazo ya kujidhuru huweza kuzidi katika siku za mwanzo, kwa hivyo aangaliwe kwa karibu na akibadilika arudishwe kabla ya tarehe. Dawa zitunzwe na mtu mzima na zisikatishwe kwa kuwa anacheka siku hizi.

Ramadhani ikiingia naye yuko katika matibabu, daktari aulizwe wiki mbili kabla. Dawa nyingi huweza kuhamishiwa futari au daku. Ikiwa yake haihamishiki, au kufunga kunamuharibia usingizi na kumrudisha nyuma, basi yeye ni mgonjwa, na mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyengine akipata nafuu. Asiamrishwe kujificha anapokula kama mwizi. Atengewe chakula chake.

Wallahu a'lam.